MEZA YA JIKONI: TUSILETE VUMBI LA MGODI NYUMBANI



Kila mwaka wakati wa konji unapokaribia, nasikia maneno yale yale kwenye benchi la dispansere. Baba anangoja kupimwa presha, na huku anamwambia mwenzake: "Safari hii ninatengeneza jiko la mama." Ni wazo zuri. Katika makambi yetu watu walizoea kuanza na sebule: viti vikubwa, televisheni, mapazia. Jiko lilibaki nyuma na moshi wake, na meza ya mbao iliyooza miguu. Lakini ni pale ndipo mama anaposimama saa nyingi. Baba anayeanza na jiko, mimi namsifu.

Leo nataka kuongea nanyi juu ya kitu kimoja tu cha jiko hilo, ndicho uso wa meza ya kazi. Nasema ile meza inayojengwa kando ya ukuta, mahali mama anapokata nyama, anaposafisha samaki, anapopangia sahani. Watu wanaichagua kwa macho. Wameona picha katika simu, jiko la Ulaya au la Dubai, meza inayong'aa kama kioo, na wanataka ile ile. Mimi ninaona ya kuwa meza ya jikoni sherti ichaguliwe kwa mapafu na kwa tumbo kwanza, kiisha macho.

Tumbo, kila mtu anafahamu mara moja. Lakini mapafu? Meza haivutwi puani, utaniambia. Ngoja nieleze.

Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi, au kwenye mashine za kuponda mawe, mmefundishwa juu ya vumbi la silisi. Mnajua kwa nini kampani inamwaga maji mahali pa kutoboa mwamba, na kwa nini mnaitwa kupigwa picha ya kifua. Vumbi lile la kuogopwa siyo lile linaloonekana juu ya viatu. Ni chembe ndogo kabisa, chini ya sehemu 10 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Pua haizizuii. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, zinakaa pale, na mwili unajenga kovu kuzizunguka. Kovu linaongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponyesha. Na mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Si jambo jipya: tangu mwaka 1930 waganga wa nchi nyingi walikutana Johannesburg kwa ajili ya ugonjwa huu tu, kwa sababu ya wachimbaji wa dhahabu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliweka vumbi la silisi, lile linalovutwa kazini, katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Sasa tazama meza za jiko. Jiwe la marmari lina silisi kidogo sana. Jiwe la graniti linayo zaidi, mara nyingi karibu sehemu 30 kwa 100, na mengine yanapita. Lakini kuna jiwe la tatu, ambalo siyo jiwe la mlima. Linatengenezwa katika kiwanda: wanasaga kwarzi, wanachanganya na gundi ya plastiki na rangi, wanakandamiza, linatoka bamba laini, zuri, bila doa. Wauzaji wanaliita kwarzi tu. Ndilo linalopendwa sana katika picha za simu. Jiwe hilo linaweza kuwa na silisi zaidi ya sehemu 90 kwa 100.

Nisiwatishe bure. Meza hiyo ikiisha kuwekwa, mama anayepika juu yake hapati silikozi. Haitoi vumbi tena. Hatari iko wakati wa kuikata, kutoboa tundu la bomba, kulainisha kingo. Anayeumia ni fundi.

Na fundi huyo ni nani? Mara nyingi ni kijana wa mtaa, au shemeji yako. Ana mashine ya mkono yenye kisahani kinachozunguka. Anakata akiwa amekaa uani, bila maji, kitambaa kimefungwa puani, watoto wamemzunguka kutazama cheche. Vumbi jeupe linafunika mpaka majani ya mwembe. Wewe mwenye nyumba ni mfanyakazi wa mgodi. Kama kapita wako angekuamuru kutoboa mwamba namna hiyo, ungemwita delege wa sendika siku ile ile. Lakini nyumbani kwako unasema: "Huyu kijana anafanya upesi."

Mwaka 2012 waganga wa Israeli waliandika juu ya wagonjwa 25 wa silikozi waliokuwa wote wakataji wa jiwe hili la kiwanda. Kiisha habari kama hizo zilitoka Hispania, Marekani, Australia. Vijana, siyo wazee. Mchimbaji wa zamani alikuwa akifanya kazi miaka 10, 20, hata zaidi, mbele ya ugonjwa kuonekana. Hawa wa meza za jiko, wengine hawakufika miaka 10. Australia ilijaribu kwanza sheria za maji na maske, ikaona hazitoshi. Tangu tarehe 1 Julai 2024 imekataza kabisa kutengeneza, kuuza na kuweka meza za jiwe hilo. Ni nchi ya migodi kama yetu, inayojua vumbi ni nini.

Kwa hiyo neno langu ni hili: jiwe la kwarzi la kiwanda, liache. Ninajua litakuwa na bei kali, na kwa sababu hiyo hiyo wengine watalitamani zaidi. Mtu akipata franga zake anataka jirani aone. Sikatai. Lakini kijana anayekata mawe kando ya barabara hana picha ya kifua kila mwaka, hana munganga wa kampani, hana pensheni. Akianza kukohoa miaka 8 baadaye, wewe utakuwa umesahau jina lake, na meza yako itakuwa ikingali inang'aa.

Graniti ya mlima, kama umekwisha kuinunua? Peleka vipimo vyako mahali wanapokata kwa mashine kubwa yenye maji, ije nyumbani imekwisha kukatwa, na tundu la bomba limekwisha kutobolewa. Kikibaki kipande cha kurekebisha, kikatwe kwa maji yanayotiririka juu ya kisahani. Lakini maji na umeme wa mashine ya mkono havipatani, tunakumbuka. Mashine isiyotengenezwa kwa kufanya kazi na maji isimwagiwe. Watoto waende mbali. Maske iwe ile ya kuchuja vumbi, yenye alama P2 au P3 kama tunayovaa kazini, siyo leso. Leso inazuia harufu tu, na hata hiyo vibaya. Matope yaliyobaki yafagiliwe yakiwa mabichi, maana yakikauka yanakuwa vumbi tena.

Basi tufanye meza ya namna gani? Hapa baba mmoja alinijibu: "Munganga, unatukataza kila kitu, tubaki na kibao cha mama mkwe." Hapana. Mimi sina ugomvi na uzuri. Na vitu vizuri viko karibu nasi kuliko tunavyofikiri.

Cha kwanza kwangu ni betoni iliyolainishwa. Masoni wetu wanaijua. Wanajenga kuta fupi mbili au tatu za matofali, wanamwaga bamba la betoni juu yake, unene wa santimita 7 au 8, na vyuma ndani: ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 3 za kokoto. Kiisha wanaupiga uso kwa simenti tupu na mwiko mpaka unateleza kama shavu la mtoto. Makosa yanayoharibu meza hii ni haraka. Simenti siyo udongo wa kukaushwa na jua. Inahitaji maji ili ishikamane vizuri. Funika bamba kwa gunia, limwagie asubuhi na jioni siku 7 kwa uchache, na mbao za chini usizitoe mbele ya wiki mbili. Ukiiacha jua liipige tangu siku ya kwanza, itapasuka nyufa ndogo, na ndani ya nyufa zile ndimo maji ya nyama yanapoingia na mende wanapolala. Na usiikoroge simenti kwa mikono mitupu. Inachoma ngozi polepole, mtu hasikii mpaka usiku. Nimefunga vidonda vya namna hiyo mara nyingi Jumatatu asubuhi, na kila mara mgonjwa anasema alikuwa anasaidia kidogo tu nyumbani.

Ukitaka meza ya kujivunia, kuna granito. Siyo graniti, angalisho! Granito ni ile sakafu ya nyumba nyingi za zamani na za mahospitali: vipande vya marmari ndani ya simenti, vimesuguliwa mpaka vikalingana. Watu wamezikanyaga kwa miaka mingi na bado ni nzima. Masoni anayejua kuifanya siku hizi ni wa kutafuta, na wazee wanaojua wanastahili kupewa vijana wa kufundisha. Isuguliwe kwa maji, siyo ikiwa kavu. Ila usimwagie limau wala siki ukaiacha usiku kucha, kwa sababu asidi inakula marmari na simenti, na uso unabaki na madoa na vishimo.

Karo nazo ni nzuri, zinaoshwa vizuri. Ubaya wake uko kati ya karo na karo. Mstari ule wa simenti unanyonya mafuta na damu ya nyama. Chagua karo kubwa, mistari iwe myembamba na imejaa sawasawa na uso. Na hapa kuna jambo la kufurahisha kwa mtu wa usalama: karo hazihitaji kisahani cha umeme. Kuna chombo cha mkono kinachochora mstari kwa gurudumu dogo gumu, kiisha unakandamiza, karo inakatika. Vumbi ni kidogo sana. Mwulize fundi wako kama anacho, kabla ya kupatana bei.

Bati la inokisi ndilo tunalotumia sisi katika chumba cha kufungia vidonda, na katika majiko ya kantini. Halinyonyi kitu, halishiki kutu, na ukilikausha linakuwa safi kweli. Kwa nyumba ni bei, lakini hata kipande cha karibu na bomba kinatosha. Mbao? Mbao ngumu, iliyopigwa randa, inayokaushwa juani, siiogopi kwa mboga na bukari. Kwa nyama mbichi na kuku, sherti uwe na kibao chake peke yake.

Sasa naja kwa jambo ambalo wababa hawapendi tukilitaja. Kuna meza katika kambi zilizotoka kazini. Pipa lililopasuliwa na kunyooshwa likawa uso wa meza. Ukanda wa mpira wa kubebea mawe, umepigiliwa misumari juu ya mbao. Mbao za mgodini zilizopakwa dawa nyeusi ya kuzuia mchwa. Siongei hapa kama polisi wa lango. Hilo si kazi yangu. Ninauliza tu: lile pipa lilibeba nini? Dawa za kutenganishia shaba na udongo, asidi, mafuta ya mashine? Ukilichoma moto ili "kulisafisha" ndiyo mbaya zaidi, maana moshi wake mnauvuta wote. Chombo kilichobeba dawa ya kiwanda hakiwi chombo cha chakula, hata kikioshwa mara mia.

Tena kuna vibao vya zamani vya paa, vile vya kijivu vyenye mawimbi, na ndugu zake vilivyo bapa. Vya zamani vina amianti ndani yake. Vikikaa juu ya paa bila kuguswa na bila kuvunjika, hatari ni ndogo. Ukivikata kwa msumeno ili vikae juu ya meza, au ukivisugua kwa brashi ya chuma, unatoa nyuzi zinazoingia mapafuni na kuleta kansa miaka 20, 30, hata 40 baadaye. Hapana meza inayolingana na hiyo. Kama iko tayari nyumbani, usiivunje kwa nyundo: iloweshe maji, itoe nzima, ifunge ndani ya plastiki, uulize ofisi ya usalama mahali pa kuipeleka.

Na malakiti? Ndiyo, nimeulizwa. Mama mmoja alitaka vipande vya malakiti vipangwe juu ya meza yake kama maua, kwa sababu ni jiwe letu na ni zuri kuliko yote. Ni zuri, kweli. Liweke sebuleni. Malakiti ni shaba: nyanya, limau na siki zinaiyeyusha, na shaba inaingia katika chakula, nayo ikizidi inaleta maumivu ya tumbo na kutapika. Vumbi lake wakati wa kusugua nalo si la kuvutwa.

Zaidi ya hayo, kuna nyumba ambamo meza ya jikoni inafanya kazi nyingine usiku: inapangiwa mawe ya kobalti, yanaoshwa katika beseni lile lile la sombe. Watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitoa habari mwaka 2018 juu ya mtaa wa Kasulo, huko Kolwezi, ambako watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Waliona kobalti nyingi katika damu na mkojo wa wakaaji kuliko wa mtaa mwingine wa jirani, na watoto ndio waliozidi. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na madini yale yale. Mtoto anapitisha mkono juu ya meza, kiisha anaweka mkono mdomoni. Hahitaji kwenda mgodini. Mavazi ya kazi pia yasiwekwe juu ya meza ya chakula, hata kwa dakika moja wakati baba anaoga.

Urefu wa meza, wengi hawaufikirii. Wamama wengi wanaokuja kwetu na maumivu ya mgongo wanapika wameinama mpaka chini. Mwambie mama asimame wima, akunje mkono, pima kutoka chini mpaka kiwiko, toa santimita 10 au 15. Ndio urefu wake. Kwa wengi itakuwa kati ya santimita 85 na 90. Pima mwili wa mama anayepika, siyo wa masoni! Sufuria ya maji ya bukari ikiwa juu ya meza namna hiyo, mpini umegeuzwa ukutani, mtoto wa miaka miwili haifikii. Katika kazi yangu hakuna kilio kibaya kama cha mtoto aliyeungua kwa maji ya moto, na karibu kila mara sufuria ilikuwa chini.

Lakini meza mpya isiwe sababu ya kuingiza mbabula ndani ya jiko lililofungwa, kisa mvua inanyesha. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Jenga dirisha pamoja na meza, au acha mbabula barazani.

Mwisho, kuosha. Katika Katanga yetu kolera haijaisha. Inarudi, hasa wakati wa mvua na wakati bomba limekauka. Meza laini haimwui mdudu yenyewe, inatusaidia tu kumfukuza. Sabuni na maji kwanza, suuza, kiisha javeli: kijiko kimoja cha supu katika lita 4 za maji safi, kama kibandiko cha chupa hakisemi vingine. Iache dakika chache, ikauke yenyewe. Usichanganye javeli na siki, wala asidi, wala dawa nyingine ya choo, kwa sababu inatoa gesi ya klori, nayo inachoma kifua. Fanya hivyo kila mara baada ya kukata kuku au samaki, mbele ya kuweka salada mahali pale pale. Na kile kitambaa cha kupangusia, kinacholala usiku kucha kimekunjwa kando ya bomba, kikiwa kibichi na harufu yake, kichemshe mara kwa mara na kukianika juani. Uwe nacho kimoja cha meza na kingine cha sakafu, vya rangi mbili, ili hata mtoto anayesaidia asikosee.